Nimeifunga Sauti Makusudi

Tausi,

Salamu sina. Hali yako pia sikuulizi kwa sababu naijua: umekasirika, na mimi nimekasirika, kwa hiyo tuko sawasawa. Ninaandika mchana huu wewe na mama yako mkiwa mmepanda Mgeta kumuaga mjomba wako. Mkirudi, mama atakuambia kuna faili jipya ndani ya kompyuta yako, jina lake "baba". Hatakuambia zaidi ya hapo kwa sababu hajui zaidi ya hapo.

Kama unanisikia, basi umeifungua sauti mwenyewe. Nimeifunga makusudi. Nimeifunga kwenye kipimo cha sauti, nikaiamuru mashine ikumbuke hivyo hivyo hata ikizimwa na kuwashwa, kisha nikauchomoa waya wa spika nikauchomeka kwenye tundu la maikrofoni. Usinitukane bado. Kama ungeshindwa, ungeniita. Ningekuja, ningeitazama skrini, ningeifungua sauti, ningeifuta barua hii usijue imesema nini, na kesho skrini ingepanda gari kwenda chuoni Mzumbe pamoja na wewe, nami nimeipakata. Hayo ndiyo masharti niliyoyaweka peke yangu. Sikukueleza kwa sababu ungekataa, na kwa sababu tangu Jumapili hatuzungumzi.

Nguo zako, dawa zako, nani wa kumwamkia kwanza ukifika, hayo utaambiwa na mama yako mpaka uchoke. Mimi nina hasira tu, na nyingine zina faida ndani yake.

Nianze na Jumapili. Mjomba wako alikuja akakaa kwenye kiti changu, akanywa chai yangu, halafu akatangaza kwamba mtoto anakwenda chuo na ukoo umeridhia. Ukoo! Mimi nimekaa kwenye mkeka, nyumbani kwangu, kama mtu aliyekuja kuulizia chumba cha kupanga. Nikasema, "Shemeji, mtoto huyu haoni. Mashine yake ikinyamaza huko, nani atamsomea skrini?" Akatabasamu lile tabasamu lake la mtu mwenye shamba la urithi. "Shemeji," akasema, "wewe tulikupokea umekuja na kazi ya kiwanda. Kiwanda kimekwenda. Mtoto alikuwa wetu na ni wetu. Atakwenda."

Najua mila zenu. Nimeoa Uluguru kwa macho yangu mawili, mtoto ni wa upande wa mama, mjomba akisema baba ananyamaza. Kwetu Singida mambo si hivyo, lakini kwetu Singida sikuoa. Hilo nilishalimeza zamani. Nilichoshindwa kumeza ni wewe. Nilipokutazama nipate msaada, ukageuzia uso ukutani ukasema neno. Unajua kabisa kwamba mimi nasikia kwa kutazama midomo. Ikabidi nimuulize mama yako kama mkalimani wa mahakamani: "Kasema nini?"

Mama yako akanigeukia, akafungua kinywa wazi kabisa, kama afanyavyo asipotaka neno lipotee njiani. "Amesema skrini ibaki. Na wewe usiende Mzumbe kumsomea."

"Skrini ibaki kwa nini?"

Hapo ukageuka mwenyewe. "Skrini ya nini, baba? Mimi siioni."

"Mimi naiona."

"Ndiyo maana ibaki."

Mjomba wako alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Nimetaniwa na watani wa kila kabila tangu nifike Morogoro, na kicheko kile bado kinanikwaruza.

Mimi na wewe tumeshajuana silaha. Ukikasirika unageuza uso, nami nabaki nimekodolea kisogo. Nikikasirika mimi, nanyamaza, nakaa kwenye kona bila hata kukohoa, nawe unabaki unaongea na hewa usijue kama nimo au nimetoka. Watu wakituona njiani wanasema, maskini, kiziwi na kipofu, wanavyosaidiana! Hawajatuona tukigombana.

Masikio yangu yaliliwa na mashine za kufuma. Hilo unalijua, lakini sijawahi kukuambia nililijuaje. Ndani ya ukumbi wa kufuma hakuna aliyemsikia mwenzake, kwa hiyo hakuna aliyejiona kiziwi. Tulisomana midomo tangu asubuhi mpaka king'ora cha kutoka, tulitukanana kwa midomo, tulitaniana kwa midomo. Mama yako alikuwa kwenye meza ya kukagua vitambaa, nami nilimtongoza bila kutoa sauti hata moja. Kwenye ubao wa matangazo waliandika kwamba uzalishaji ni mzuri. Kila tulipoingia, mzuri. Halafu tukaambiwa soko huria limefika, mitumba imejaa mjini, kiwanda kinatafutiwa mwekezaji, tusiwe na wasiwasi, kila kitu kiko sawa. Mwekezaji akaja amevaa viatu vyeupe, akapita katikati ya mashine akiwa ameziba masikio, akaondoka. Siku moja wakazizima zote kwa pamoja. Wenzangu wakatazamana. Mmoja akasema, "Kimya hiki!" Nilimwona midomo. Nikakisubiri hicho kimya nami nikisikie, sikukisikia. Mashine zilikuwa zimezimwa, lakini kichwani mwangu zinavuma vile vile, na hata sasa ninapoandika zinavuma. Ndivyo nilivyojua kwamba nimekwisha. Kiwanda kikauzwa, mashine zikakatwa zikawa vyuma chakavu, na mimi nikarudi nyumbani na mlio wao.

Kwa hiyo mtu akiniambia kila kitu kiko sawa, mimi namuuliza amejuaje.

Wewe wakati huo surua ilikuwa imeshakuchukua macho, na ulikuwa na kiu ya vitabu ambayo sijui uliirithi kwa nani. Nikawa nakusomea. Nilisoma kwa sauti ya kiwandani kwa sababu sijisikii mwenyewe, na nadhani mtaa wetu wote wa Mji Mpya ulifanya mtihani wa kidato cha nne pamoja na wewe. Mama Shomari wa jirani mpaka leo anajua sababu za kuporomoka kwa bei ya katani. Koo liliniuma na nilikuwa nalalamika kila siku. Sikujua kwamba ile ndiyo raha yenyewe.

Ikaja kompyuta. Iliingia nchini kama shati la mtumba, imeshachoshwa na wenzetu huko Ulaya, na mwalimu wako akakupa sidii ya Linux, mfumo wa kuiendeshea. Akasema ina programu inayosoma kwa sauti maneno yaliyo kwenye skrini, na kwamba hawaiuzi, wanaigawa. Nikajiambia, kitu kinachogawiwa katika nchi hii ya leo lazima kina ugonjwa. Mwalimu akatuwekea, akasafiri, na sisi tulipoiwasha, ikawaka bila kusema neno.

Unatukumbuka tulivyokaa mbele ya lile boksi? Mwenye macho hasikii, mwenye masikio haoni. Hata ingeanza kuimba mimi nisingejua. Nilikuwa nakutazama wewe usoni ili nijue kama imesema.

"Baba, kuna nini?"

"Kuna maandishi."

"Yanasema nini?"

"Programu imeanza. Hakuna kosa."

"Na kwenye kipimo cha sauti?"

"Nguzo zimejaa mpaka juu."

"Sasa mbona kimya?"

"Mimi nitajuaje, nimekuwa mganga?"

Tulikwenda hivyo siku baada ya siku. Tulibadilisha spika, tukabadilisha waya, nikaipiga kofi ubavuni kama redio ya mbao. Mwisho ukanishika mkono ukanibana. "Baba, acha kunichagulia. Soma kila kitu. Hata vumbi lililo kwenye kioo, lisome." Nikasoma kwa kukukomoa, herufi moja moja, nikitegemea utachoka. Nikafika chini ya nguzo nikasema, M mbili.

"Hizo M hukuzitaja."

"Ni mapambo."

"Nani kakuambia ni mapambo?"

Hakuna aliyeniambia. Niliamua mwenyewe. Kumbe ndiyo alama kwamba njia imefungwa; nguzo inaweza kujaa mpaka juu na isipite sauti hata chembe. Ukasema nibonyeze M. Nikabonyeza, zikawa sifuri, na uso wako ukabadilika. Ilisema nini sijui mpaka leo. Wewe ulipiga kelele, mama yako akatoka jikoni na mwiko mkononi, mkakumbatiana. Mimi nilibaki nimesimama, kidole kiko kwenye kibodi. Kilichonijia moyoni hakikuwa furaha. Nilimchukia huyo bwana wa ndani ya boksi papo hapo.

Mama yako anasema bwana huyo anasoma Kiswahili kama mgeni aliyejaza kinywa mihogo ya moto, na kwamba umemharakisha mpaka analia kama cherehani. Ni wewe peke yako unayemwelewa. Basi huyo ndiye uliyemchagua ukaacha koo langu lipumzike. Sikuomba lipumzike.

Na mimi nikaendelea kukosea, kwa juhudi kabisa. Ilipopata ububu tena wewe uko shuleni, nikaibeba kwa fundi mmoja mjini, kijana mwenye tai na kibanda kipya cha vioo. Akasema, "Mzee, Linux ya nini? Nakuwekea kitu cha kisasa." Nikaona midomo, nikaitikia, kwa sababu niliona aibu kuuliza. Akafuta kila kitu, na insha zako zote ndani. Mashine ikarudi inapendeza, skrini ina picha ya mlima na mawingu, na kwako imekuwa jiwe. Uligeuza uso mpaka mwalimu aliporudi na sidii yake. Hukunisamehe wakati ule na sidhani kama umenisamehe, na wala siombi. Lakini nilichokipata pale kichukue: asiiguse mtu mashine yako wewe hupo. Akiigusa ukiwepo, aseme kwa mdomo kila anachotaka kubonyeza kabla hajakibonyeza. Wataudhika. Waache waudhike.

Sasa nije kwenye siku ya taarabu, ambayo hujui kwamba nilikuwepo tangu mwanzo.

Tulikuwa tumegombana asubuhi, nimesahau kwa lipi. Nilikuwa nimekaa kwenye kona yangu, kimya, nakutesa. Binamu yako Asha alikuwa amepiga sidii yake ya taarabu kwenye kompyuta, akaisimamisha katikati akaenda sokoni bila kuifunga. Kadi ya sauti ya mashine ile unaijua, ni kama bomba la mtaa, ndoo moja kwa wakati. Ndoo ya Asha, yaani programu yake ya muziki, ilikuwa imeachwa chini ya bomba. Ukaja, ukakaa, ukabonyeza, nikaona nyusi zako zimekunjana. Bwana hasemi. Nikajinyoosha mgongo. Nilijua litakalofuata: "Baba!"

Hukuita. Uliushika waya wa spika ukaufuata kwa vidole mpaka kwenye tundu lake, ukauacha. Ukaandika amri, ukainamisha sikio sio kwenye spika, kwenye boksi lenyewe. Ukaandika nyingine, ukainama tena. Mimi niliona tu mtoto anayesikiliza bati. Mama yako ndiye aliyeniambia baadaye kwamba ndani ya boksi kuna mlio mdogo usiopitia kwenye spika, na kwamba umejifunza kuiagiza mashine ikulilie humo kila amri inapokubali. Nani alikufundisha? Mama anasema hakuna. Ukaendelea hivyo, amri na mlio, amri na mlio, mpaka ukaikuta programu ya Asha ukaifunga, na uso wako ukafunguka. Halafu ukaendelea na kazi yako kana kwamba umefukuza kuku tu.

Nilipoinuka kutoka nikagonga ndoo ya maji, ndoo ya kweli. Ukashtuka, ukasema kitu. Sikugeuka kuona midomo yako. Sijui ulisema nini na kiburi changu hakikuniruhusu kuuliza.

Niliogopa, Tausi. Basi, nimeshasema. Niliona kwamba macho yangu umeyamaliza, kama mtu anayemaliza mkopo wa sukari kwa jirani na haendi tena kugonga. Nikawa najipa kazi. Nilianza kukuuliza kama sauti iko sawa hata ikiwa sawa. Nilianza kusafisha skrini. Unafikiri sikuona ulivyokuwa unauma mdomo? Na nilishapanga kabisa: Mzumbe ni hapo tu, nilikuwa nimeitengeneza baiskeli breki zote mbili, nije kila itakaponyamaza, na ikikataa kunyamaza nije kuuliza kwa nini. Ndiyo maana neno lako la Jumapili lilinichoma. Ulijua nitafanya hivyo, ukaziba njia mbele ya mjomba wako.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Mimi nimeona nikupe, lakini kwanza niujaribu makali. Ndiyo maana nimeifunga.

Huko chuoni wenye macho watakuwa wengi, na watataka kukusaidia kwa haraka ili wakafanye mambo yao. Watakusomea wanachoona kina maana. Mimi ni baba yako, nilikuwa na siku nzima na sina kazi nyingine duniani, na bado nilizipita zile M nikaziita mapambo. Sembuse mtu anayewahi chakula. Wabane mkono kama ulivyonibana mimi.

Na mashine ikinyamaza, usimkimbilie wa kwanza unayemshuku. Kiwandani uzi ukikatika mashine haikuambii, inaendelea kufuma tundu, na mfumaji mjinga anaanza kuishika shika kila mahali. Tulifundishwa kuanzia kwenye kitambaa na kurudi nyuma na uzi mpaka kwenye bobini ulikoviringishwa. Nawe fanya hivyo. Jua kwanza aliyenyamaza ni nani: sauti yote, au huyo bwana msomaji peke yake. Ukipiga sidii ikalia, spika hazina kosa na njia haina kosa, bwana ndiye amelala, mwamshe. Isipolia, rudi na uzi: spika, waya, tundu, M zake, halafu nani kaacha ndoo chini ya bomba. Unayajua haya kuliko mimi. Nayaandika kwa sababu nina haki ya kusema kitu ambacho hujaniuliza.

Ukisikia mtu anasema Linux ni ya maskini, mwambie ndiyo, na wewe ni maskini, sasa aondoke. Usibishane naye. Nimebishana na watu wenye tai tangu siku ya mwekezaji na sijawahi kushinda hata mmoja.

Nimebakiza kidogo. Mkirudi kutoka Mgeta nitakuwa uani, mgongo nimeupa mlango. Sitajua kama imesema au haikusema, na sitauliza. Kama umefika hapa, kesho chukua boksi, kibodi na spika, skrini iache mezani. Mama yako ameshaanza kusema tuiuze. Haiuzwi. Mjomba wako akiuliza baba amesemaje, mwambie amekubali, wala usimweleze ilivyokuwa, asije akacheka tena.

Sitakuja Mzumbe. Sitakuja hata nikipita njia hiyo kwa shughuli zangu, na unajua shughuli huko sina. Lakini usije ukanibebea hilo boksi hapa likiwa limekushinda. Tafuta mtu mwingine, mbane mkono, mtengeneze. Miaka yote hii umeniita kwa sababu kitu kimekufa, nami nikazoea hivyo mpaka nikadhani ndiyo ubaba wenyewe. Sijui baba asiyeitwa kwa hitilafu anakaaje, anazungumza nini na mwanawe. Itabidi nijifunze, na mimi mwanafunzi mbaya. Nisaidie kwa hili moja tu: njoo siku ambayo hakuna kilichoharibika.

Baba yako.